Samani za Keko: pindua kochi kwanza, bei baadaye

Ukitoka Chang'ombe ukaingia Keko siku ya Jumamosi, harufu ya thina inakufikia kabla ya fundi. Makochi yamepangwa hadi ukingoni mwa barabara, mengine bado yamevaa nailoni. Vitanda vimesimamishwa ukutani, randa za umeme zinalia nyuma ya mabanda, na kila baada ya hatua tano kijana anakuita: "Dada karibu, seti saba, velveti ya Uturuki, bei tunaongea." Dar es Salaam nzima inajua kwamba anayehamia nyumba mpya atafika hapa, hata kama amekwishapita kwenye maduka yenye kiyoyozi na makochi yaliyoshushwa kwenye kontena.

Hukumu yetu tuitoe mapema ili mwenye haraka asisumbuke. Kwa vitanda na meza za mbao ngumu, Keko tunaipendekeza bila kusita: unapata mbao nzito kwa pesa ambayo dukani ingekupa bodi iliyobandikwa karatasi ya rangi ya mbao. Kwa makochi, mazuri yapo na mabaya yapo kibanda kwa kibanda, na kwa nje yanafanana kama mapacha. Yaliyokwisha kuvalishwa kitambaa ni kubahatisha. Yanayotengenezwa kwa oda huku ukiyaona yakijengwa ni biashara nzuri. Makabati ya nguo ya bodi hayafai kununuliwa barabarani, afadhali fundi aje kuyafunga chumbani kwako. Shokesi za vioo na taa za rangi, pita tu.

Pima kabla hujapanda daladala

Kosa linaloharibu sebule nyingi hufanyika nyumbani, pale mtu anapotoka bila vipimo mfukoni. Chukua sebule ya kawaida ya nyumba ya kupanga, futi 12 kwa 14. Kwa sentimita ni kama 366 kwa 427. Kochi la kisasa lina kina cha sentimita 90 hadi 95 kutoka mgongoni hadi ukingo wa mbele. Weka mawili yakitazamana kwenye ule upande wa futi 12, kila moja sentimita 92: yamekula 184, zimebaki 182. Meza ya kati ya upana wa sentimita 60 inataka nafasi ya sentimita 45 kila upande, kutosha magoti yapite na mtu afikie kikombe bila kuinuka. Hapo zimekwenda 150. Umebakiwa na sentimita 32, pazia halijapata pa kuangukia, na yale makochi mawili ya mtu mmoja mmoja ya "seti ya saba" bado yako nje kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Ndiyo maana kwenye sebule nyingi mgeni huingia ubavu-ubavu kama kaa.

Seti ya saba, yaani 3, 2, 1, 1, ilibuniwa kwa sebule kubwa. Kwa futi 12 kwa 14 nunua la watatu na la wawili, uyapange kwa pembe, kisha ongeza stuli mbili zinazoingia chini ya meza wageni wakishaondoka. Fundi atakwambia seti haivunjwi. Inavunjwa. Hayo makochi hutengenezwa moja moja, na anayesema haiwezekani anataka tu kuondoa mzigo uliopo.

Jambo lingine ambalo watu hawaliangalii ni mikono ya kochi. Ile minene iliyovimba kama mkate wa boflo hula sentimita 25 hadi 30 kila upande. Kochi la sentimita 230 lenye mikono ya sentimita 28 linabaki na 174 za kukalia, yaani 58 kwa kila mtu. Agiza mikono ya sentimita 12 na watu wale wale watatu watakaa vile vile kwenye kochi la sentimita 198. Umeokoa zaidi ya futi moja ya sebule bila kumnyima mtu nafasi, na kitambaa kimepungua pia, kwa hiyo bei iguswe.

Kabla ya kwenda, chora sakafuni. Kama umeweka marumaru, rula imekwisha kulazwa chini: pima moja, ukikuta ni sentimita 40 au 60, hesabu zilizobaki. Funika eneo la kila kochi kwa magazeti au maboksi yaliyofunuliwa, mwache mtu apite na ndoo ya kudekia, fungua milango yote na madirisha. Njia ya kupita inahitaji sentimita 75 hadi 90. Kwenye meza ya chakula kila mlaji apewe sentimita 60 za ukingo, kiti kiwe na urefu wa sentimita 45 toka chini, meza 75, na nyuma ya kiti kuwe na sentimita 75 za kukivuta. Magazeti hayo yaache siku mbili. Utagundua, kwa mfano, kwamba swichi ya feni iko nyuma ya mgongo wa kochi la watatu.

Kisha pima mlango, na upime uwazi wenyewe: mlango unaoitwa wa sentimita 80 ukishafunguka huacha pungufu ya hapo, na geti la grili linalofungukia kwenye korido hupunguza tena. Kochi hupita kwa kulazwa ubavu, kwa hiyo kinachotazamwa ni kimo chake likiwa limefunguliwa miguu. Kikiwa sentimita 78 na uwazi wako ni 74, hakuna hamali atakayelipitisha bila kulichana. Waishio ghorofani waagize kochi la L linalofunguka vipande viwili na kufungwa kwa bolti, na waseme hivyo tangu siku ya kwanza. Kochi likishavalishwa halikatwi.

Mninga, au rangi ya mninga?

Kwenye mbao ndiko Keko inakoonyesha ubora wake na ujanja wake kwa pamoja. Mbao zinazotajwa sana ni mninga, mkongo na mtiki, na chini yao paini na mkaratusi wa mashambani. Mninga hutoka zaidi mikoa ya miombo kama Tabora na Katavi. Ni kahawia ya dhahabu yenye michirizi myeusi, si nzito kupita kiasi, na sifa yake kubwa ni kutulia: ukishakauka haupindi wala kutanuka hovyo. Mkongo ni mzito zaidi na mwekundu zaidi, mgumu hasa, na fundi atalalamika kwamba unamalizia meno ya msumeno. Mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa una mafuta yake ya asili na harufu kama ya ngozi. Ni mzuri, ila miti iliyovunwa michanga huwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje, na hiyo haina uimara wa moyo wa mti.

Paini ni mbao halali kabisa kwa kazi nyingi. Ubaya ni pale inapopakwa rangi ya mninga na kuuzwa kwa bei ya mninga. Usibishane, pindua. Rangi ya kupaka huishia juu tu, na hakuna fundi anayepoteza rangi chini ya meza, ndani ya droo au nyuma ya kichwa cha kitanda. Sema kwa upole: "Fundi, nigeuzie nione chini." Ukikuta mbao nyeupe yenye mafundo ya mviringo na harufu ya utomvu, umeshapata jibu. Ukucha nao unasaidia: paini inabonyea, mninga unakataa. Akisema chini hakujapakwa vanishi ndiyo maana kunaonekana tofauti, mwombe apitishe randa mara moja mahali pasipoonekana. Mninga ukirandwa unabaki kahawia hadi ndani.

Kitanda au meza kuchanganya mbao si wizi, mradi muuzaji aseme na bei iseme. Mbele mninga, chaga (vibao vinavyobeba godoro) paini: sawa. Miguu ya mninga na fremu ya ndani ya mkaratusi mbichi: hapana, kwa sababu mkaratusi hupinda unapokauka na utaivuta miguu hiyo mizuri nje ya mahali pake.

Ukavu ni muhimu kuliko jina la mbao. Mninga mbichi ni mbaya kuliko paini kavu. Mbao ya inchi moja iliyopangwa kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite inahitaji miezi mingi, kwa kawaida karibu mwaka, kukauka bila tanuru. Vibanda vingi havina nafasi ya kungoja hivyo. Angalia maranda chini ya benchi: ya mbao kavu yanavunjika ukiyakunja na yanatoa vumbi, ya mbao mbichi yanajikunja laini na ukiyafumbata yana ubaridi wa unyevu. Kama unanunua samani za nyumba nzima, kipima unyevu kidogo cha sindano mbili kinalipa gharama yake. Kwa hewa ya Dar, usomaji wa asilimia 12 hadi 15 unatosha. Ukiona 20 na kuendelea, lipia mbao, uziache zikauke kwanza.

Chumba chenye kiyoyozi ni kesi ya peke yake. Hewa kavu hunywa unyevu uliobaki, na uso wa meza wa sentimita 90 unaweza kusinyaa milimita kadhaa kwa upana. Kama fundi ameupigilia misumari na gundi pande zote kwenye fremu, hauna pa kwenda, unapasuka katikati. Mwambie afunge uso wa meza kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, ili mbao icheze bila kuvunjika. Fundi anayejua kazi hataulizia maana.

Kitanda: hesabu chaga

Kitanda cha sita kwa sita ndicho kinachouzwa zaidi na ndicho chenye makosa rahisi kuyaona. La kwanza ni kipimo. Futi 6 ni sentimita 183, na kipimo hicho ni cha godoro, kwa hiyo ndani ya kitanda, kati ya ubavu na ubavu, pawe na 185. Fundi akipima nje kwa nje, godoro litapanda juu ya mbavu kama keki iliyozidi trei. Wanaochanganya samani za Keko na za kontena wajue pia kwamba vitanda vingi vya kutoka nje ni vya sentimita 180 kwa 200. Godoro letu la sita kwa sita humo linabanwa ubavuni na kuacha shimo la sentimita 17 miguuni.

La pili ni chaga. Kwa godoro la sponji, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi upana wa chaga yenyewe. Chaga za inchi 3 zikiachana inchi 3 zinafika 12 kwa kitanda kizima. Ukikuta 7, godoro litazama kwenye mapengo na kukatika mapema, kisha utalilaumu godoro. La tatu, na ndilo linalovunja vitanda: chaga ya futi 6 bila mhimili wa katikati ni daraja lisilo na nguzo. Lazima kuwe na ubao unaokimbia kati toka kichwani hadi miguuni, wenye tendegu lake linalogusa sakafu. Vitanda vingi vya barabarani vina ubao huo lakini hauna mguu, umening'inia. Tano kwa sita nacho kinauhitaji, ingawa kinavumilia zaidi.

Viungo vya mbavu na kichwa viwe vya bolti, si misumari ya inchi 4. Kitanda cha bolti hukazwa kila baada ya miezi sita kwa spana, na ukihama kinafunguka. Cha misumari kikianza kulia usiku, kila msumari unaoongezwa unapanua tundu. Na skrubu nyeusi za kufungia jipsamu zisiingie kwenye kiungo chochote kinachobeba mtu. Ni ngumu lakini zinakatika kama kijiti, na kwa hewa ya pwani zinashika kutu haraka.

Kochi: unalipia usichokiona

Kochi lina tabaka nne: fremu, kibebeo, sponji na kitambaa. Muuzaji atazungumzia kitambaa tu. Thamani iko katika zile tatu nyingine.

Jaribio la kwanza halihitaji kufungua kitu. Shika kona ya mbele ya kochi la watatu, inua sentimita 15. Kufikia hapo mguu wa mbele wa upande wa pili unapaswa kuwa umeanza kunyanyuka. Kama bado umekaa chini, fremu inajipinda, na ikijipinda leo, mwakani italia. Jaribio la pili: kaa katikati, halafu kaa kona. Ukisikia ubao ukikugusa makalioni, sponji imeisha kabla kochi halijauzwa.

Kisha lilazwe kifudifudi. Chini kuna kitambaa chepesi cheusi kilichopigwa pini. Omba kifunguliwe upande mmoja, kurudishia ni dakika mbili. Angalia pembe nne. Kila pembe iwe na kipande cha mbao cha pembetatu kilichowekwa gundi na skrubu. Ukiona pini peke yake, hiyo fremu imeshonwa, haijaungwa. Ubao wa mbele, ule ulio chini ya magoti, uwe umesimama kwa upana wa inchi 5 au 6 na usiwe na fundo katikati, maana hapo ndipo watoto wanaporukia. Angalia pia mabaki ya magome. Ubao wenye gome umekatwa pembezoni mwa gogo, na sehemu hiyo nyeupe ndiyo chakula cha wadudu watoboao mbao.

Kibebeo, yaani kinachoshikilia sponji kutoka chini, ni springi za nyoka (waya uliopindwa kwa mawimbi) au mikanda ya lastiki. Vyote vinafaa. Springi zikae sentimita 10 hadi 12 kutoka moja hadi nyingine, zikiwa zimefungwa pamoja kwa waya au kamba katikati. Mikanda isukwe kama jamvi, ya urefu na ya upana ikipishana juu na chini, na ivutwe hasa kabla ya kupigwa. Kinachopatikana mara nyingi kwenye makochi ya bei ya chini ni mfuko wa nailoni uliotandazwa kwenye fremu. Huo utadumu hadi sikukuu ijayo.

Sasa sponji, na hapa ndipo pesa nyingi inapopotea. Kila muuzaji anasema "hai densiti". Neno hilo lina maana ya kipimo: uzito wa sponji kwa mita moja ya ujazo. Ya kukalia inafaa iwe kilo 28 hadi 35, ya kuegemea mgongo hata kilo 20 inatosha. Huhitaji maabara, unahitaji mzani wa duka la jirani. Toa mto mmoja wa kukalia kwenye foronya yake. Tuseme ni sentimita 60 kwa 60, unene 12. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.0432. Ukiwa wa kilo 30, mto utapima kilo 1.3 hivi. Ukipima gramu 780, una sponji ya kilo 18, laini ya kufurahisha leo na chapati baada ya mwaka. Fundi mzuri atacheka ukileta mzani, lakini atakupimia. Yule anayekasirika amekujibu.

Kuna hila moja ndani ya hila: viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa ili sponji iwe nzito. Ikamue kona mara kumi na uisugue kwa kidole gumba. Sponji safi inarudi ilivyokuwa. Ya unga inamomonyoka na kuacha vumbi kidoleni, na kona haijai tena.

Mito iwe na zipu. Bila zipu huwezi kuifua, huwezi kubadilisha sponji peke yake, na huwezi kupima kitu.

Kitambaa ni suala la macho yako, ila mawili yasemwe. Leza, yaani ngozi bandia, ya bei nafuu yenye ngozi nyembamba ya poliyurethani haifai hewa ya Dar. Unyevu na jasho huimenya ile ngozi ya juu, inaanza kubanduka magamba kwenye mikono na pa kuegemea kichwa ndani ya miaka michache, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kama unataka mng'ao wa ngozi, chagua leza nzito ya PVC, ukubali joto lake, au kitambaa cha kufumwa. Velveti nayo ina upande: pitisha kiganja toka juu kwenda chini, manyoya yalale. Vipande vyote vielekee huko, la sivyo mto mmoja utaonekana mweusi na mwenzake kijivu, na muuzaji atasema ni kivuli. Ukinunua kitambaa mwenyewe Kariakoo, kochi la watatu lenye mito ya kuvuliwa hutumia mita 11 hadi 13 za kitambaa cha upana wa inchi 54. Fundi anayetaka 18 anashona na la jirani.

Vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya migongo ya makochi, ambavyo vijana wanavicheka, vina kazi: hukinga mafuta ya nywele, na hufuliwa. Nailoni ya dukani haina kazi hiyo. Ikiachwa juu ya kochi hufungia unyevu ndani, na baada ya masika moja utakuta ukungu kwenye mishono. Ivue siku ile ile, na kochi likae sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma.

Makabati ya bodi

Bodi ya chenga za mbao na MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zina adui mmoja anayeitwa deki. Kabati likikaa moja kwa moja sakafuni hunywa maji ya kila asubuhi, sehemu ya chini inavimba, karatasi inabanduka, mlango unaanza kusugua. Liinuliwe sentimita 10 kwa miguu ya plastiki inayozungushwa, ikifunikwa kwa ubao mwembamba mbele. Kingo zote zizibwe, za chini na za nyuma pia, maana fundi huziba zile zinazoonekana tu.

Rafu ya bodi ya milimita 16 isizidi sentimita 60 bila nguzo ikiwa itabeba nguo zilizokunjwa. Ya sentimita 90 itapinda kama upinde kabla ya Krismasi. Hesabu pia mara utakazohama: kila kabati la bodi linapofunguliwa, matundu ya skrubu yanalegea, na mara ya tatu bawaba hazishiki. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka, kabati la mbao la milango miwili lina akili kuliko la bodi la milango sita.

Vanishi na majira

Hili wateja wengi hawalijui: mwezi unaoagiza unabadilisha kazi. Vanishi ya kupulizia inayokauka haraka, ile ya thina, ikipigwa siku ya mvua hunasa unyevu na kuacha ukungu mweupe juu ya mbao, kama kioo kilichopumuliwa. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati mbaya wa kumalizia samani kwenye mabanda ya wazi. Agiza kuanzia Juni. Hewa ni kavu zaidi, na mbao nazo.

Meza ya chakula isipewe vanishi hiyo hata kiangazi. Sufuria moja ya ugali na unabaki na duara jeupe. Dai vanishi ya vikopo viwili, inayochanganywa na kigumishi, mikono miwili au mitatu, na msasa laini wa namba 240 au zaidi kati ya mkono na mkono. Ni ghali kidogo na inanuka siku kadhaa. Ukitaka kujua kama msasa ulipita kweli, simama meza ikiwa kati yako na mwanga, uinamishe kichwa: mikwaruzo ya msasa mkali itaonekana ikikata mbao mshazari.

Kulipa na kupokea

Desturi ni kutoa nusu kama kianzio na nusu siku ya kuchukua. Kwa oda kubwa gawa mara tatu: asilimia 40 ya kununulia mbao, 40 ukishaona fremu tupu kwa macho yako kabla haijavalishwa, na 20 samani ikishasimama sebuleni. Malipo ya kati ndiyo yenye nguvu. Mwambie fundi tangu mwanzo, "Nitakuja fremu ikiwa uchi," na uje kweli. Picha ya simu inaweza kuwa ya kochi la mtu mwingine. Karatasi ya makubaliano itaje aina ya mbao kwa kila sehemu, vipimo kwa sentimita, uzito wa sponji, jina na rangi ya kitambaa ikiwa na kipande chake kimebanwa kwa pini, na siku ya kukabidhi. Dai risiti. Bila karatasi, neno "mninga" litakuwa limesemwa na upepo.

Siku ya kukabidhi ni udhaifu wa Keko usiokuwa na utetezi. "Jumamosi" ina maana ya wiki ya Jumamosi hiyo, pengine ijayo. Ukiwa na sherehe, toa tarehe ya wiki mbili kabla. Upande wa kurekebisha, hapo wanastahili sifa: ukifika na tatizo la kweli ndani ya miezi ya mwanzo, mafundi wengi watakuja na begi la vifaa hadi kwako, jambo ambalo duka la kontena halifanyi, na sponji au kitambaa kipya unapata bila kutupa fremu.

Usafiri mara nyingi haumo kwenye bei. Kirikuu kimoja kinachukua la watatu na la wawili likiwa juu yake, mradi kuwe na blanketi katikati na kamba isipite juu ya pembe ya kitambaa bila boksi. Guta ni la kitanda kilichofunguliwa, si la kochi.

Samani ikishaingia, weka karatasi nyeupe chini ya kila mguu kwa wiki tatu za mwanzo. Ukikuta unga laini kama wa ngano na vitundu vya milimita moja au mbili juu yake, ni wadudu wa mbao nyeupe, na kipande hicho kibadilishwe au kipigwe dawa hadi ndani ya vitundu. Ukikuta punje punje kama mchanga mkavu, zenye umbo moja, hao ni mchwa wa mbao kavu, na hao hawabaki kwenye kitanda kimoja. Kitoe nje siku hiyo hiyo, umpigie fundi kikiwa nje, kisha kagua fremu za milango.